Viazi Vikuu na Miguu ya Mama

Asubuhi nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama alikoroga sago, unga wa shina la mti, katika maji ya moto mpaka ikawa nzito na ya kunata. Baba alitafuna popoo kwa chokaa, akatema mate mekundu, akatazama upande wa shamba. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kulalamika.

"Klotilda, kuni," alisema Mama.

"Mama, nimesoma mwaka mzima. Ubongo umechoka."

"Sikukwambia uzibebe kwa ubongo. Haya, nenda."

Nilikwenda. Mama yangu anaitwa Mairagwa, na huwa harudii neno. Ana ulimi mkali na vidole vyepesi. Husuka mikoba ya kamba, ile ambayo wanawake wa kwetu huining'iniza kwenye paji la uso na kubebea magimbi, kuni na watoto. Kila mkoba wake una michoro aliyoibuni mwenyewe. Baba yangu anaitwa Alois. Ni mtu mpole, na kijijini kwetu Numbagwi anasifiwa kwa jambo moja tu: viazi vikuu virefu.

Kwetu mwanamume hapimwi kwa nguo wala kwa cheti. Hupimwa kwa kiazi alichokilima. Kiazi kirefu kuliko mtu hupakwa rangi na kuvishwa kinyago. Hupewa jina la mmoja wa mababu. Halafu mwenyewe humkabidhi mshindani wake wa kijiji kingine mbele ya watu wote. Mshindani hukibeba kwenda kwao, akakata vipande, akapanda. Mwakani lazima alete kilichozidi. Wanaume wazima hukosa usingizi kwa ajili ya jambo hili.

Mwanamke haingii katika shamba hilo. Tangu kupanda hadi kuvuna, mwenye shamba hamkaribii hata mkewe. Wazee husema kiazi kina pua. Kikinusa harufu ya mwanamke hukasirika, kikaoza, au kikahama chini kwa chini kwenda shamba la mtu mwingine. Mimi nimelala miaka mitatu katika bweni moja na wasichana mia na ishirini. Harufu ilikuwepo, sikatai. Lakini hakuna aliyehama.

Wiki ya pili ya Desemba, Baba alirudi kutoka shambani mapema. Mkononi alikuwa na jani. Lilikuwa na madoa meusi, na kando yake lilikuwa limejikunja kama lililounguzwa na moto.

"Vipi, Baba Klotilda?" Mama aliuliza.

"Si kitu."

"Si kitu, na umelishika kama barua ya msiba?"

Baba alilitia mfukoni. Kesho yake alileta majani matatu. Siku iliyofuata hakuleta jani lolote, kwa sababu yalikuwa mengi mno. Shina zima lilikuwa limekauka juu ya mianzi linayotambalia.

Hapo ndipo Ba'mdogo Otmar alipofika. Otmar ni mdogo wake Baba. Ni mchoraji wa nyumba ya mizimu, na siku ya sherehe ndiye anayetaja majina ya mababu kwa sauti kuu. Shamba lake liko jirani na la Baba, ng'ambo ya kijito. Alikaa bila kukaribishwa, akachukua popoo bila kuomba.

"Kaka, shamba langu limesimama kama jeshi," alisema. "Kijani tupu. Unajua kwa nini?"

"Mvua."

"Mvua ni moja kwetu sote. Kwangu hakuna mguu wa mwanamke uliokanyaga. Kwako nimeuona unyayo, karibu na uzio. Mdogo, vidole vimepanuka." Alimtazama Mama miguuni.

Mama hakuacha kusuka. "Shemeji, siku hizi unachora mizimu au unapima miguu ya wake za watu?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Baba alikuwa anatazama chini, na Mama, jambo ambalo si la kawaida, aliivuta miguu yake na kuificha chini ya sketi.

*

Jumapili tulikwenda kanisani. Katekista Donatus alihubiri habari za bustani. Si ya viazi. Ile ya mwanzo.

"Ni nani aliyechuma tunda?" aliuliza. "Ni nani aliyemdanganya mumewe? Uharibifu uliingia duniani kwa mkono wa nani?"

Alijiuliza na kujijibu, na kila alipojibu, vichwa vitatu vinne viligeuka kumtazama Mama.

Katekista Donatus na Ba'mdogo Otmar wamegombana tangu sijazaliwa. Mmoja anaiita nyumba ya mizimu kiwanda cha mashetani. Mwingine analiita kanisa banda la bati. Hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kufyeka barabara. Jumapili ile walikubaliana. Kwa kweli Mama alistahili tuzo ya kuleta amani.

Baada ya ibada wanawake hawakumngoja njiani. Mtoni hakuna aliyefua karibu naye. Alipopeleka sago kwa jirani, jirani alisema watoto wameshiba. Watoto walikuwa nyuma yake wakilamba vidole. Neno moja likaanza kupita kijijini, nalo ni neno baya: kwamba Mama ana sumu mwilini, na anaitumia. Katika kijiji kimoja bondeni, mwanamke aliyesemwa hivyo alichomewa nyumba mwaka uliotangulia. Yeye mwenyewe alitoka. Vitu vyake havikutoka.

Jioni ile ile wanaume walikutana mbele ya nyumba ya mizimu. Wanawake na watoto tulikaa pembeni. Nyumba hiyo ni ndefu kuelekea juu, na uso wake wote umechorwa. Juu kuna nyuso kubwa za mababu, wote wanaume. Chini kabisa, juu ya mlango mdogo wa kutambaa, kuna mwanamke mmoja, naye amechorwa akizaa. Ndipo wanaume wote wanapoingilia. Katikati ya nyuso za mababu kuna mistari myekundu na myeupe inayopanda na kurudi nyuma kama maji ya mto yaliyogonga jiwe. Niliitazama mistari hiyo, kisha nikautazama mkoba wa Mama. Ilikuwa ile ile. Mama aliisuka kwanza mwaka niliozaliwa. Ba'mdogo aliichora miaka minne baadaye, akasifiwa hadi mjini Maprik.

Ba'mdogo alisimama, akayataja majina ya mababu tangu wa kwanza. Nilihesabu. Walikuwa ishirini na mmoja, na hakuna mwanamke hata mmoja. Kwa hesabu hiyo ukoo wetu ni wa ajabu, kwa kuwa wanaume walizaana wenyewe.

"Mababu hawa walilima viazi," alisema. "Havikuoza. Sasa vinaoza. Mairagwa arudi kwa kaka zake kabla hajatumaliza."

"Kwa muda gani?" aliuliza Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mpaka tutakapomwita."

Kila mtu alijua maana yake. Mwanamke anayerudishwa kwa sababu ya viazi haitwi tena. Na jina la sumu humfuata hata kwa kaka zake.

Mzee mmoja alisema tusiwe na haraka. Wakakubaliana kungoja siku saba. Ikiwa Jumapili ijayo majani bado yanakuwa meusi, Mama ataondoka.

*

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama akipanga vitu vyake katika mkoba mkubwa.

"Mama, si wamesema siku saba?"

"Nataka kupanga mwenyewe. Sitaki kupangiwa."

"Lakini hukufanya kitu!"

Alikaa kwenye kizingiti. Akazungumza polepole, jambo ambalo pia si la kawaida.

"Niliingia shambani, Klotilda. Mara moja. Baba yako alikuwa mjini. Nguruwe alivunja uzio, akaanza kufukua. Nikaingia na gogo nikamfukuza, nikaurudishia uzio. Nisingeingia, baba yako asingebaki na kiazi hata kimoja."

"Nguruwe wa nani?"

"Wa ba'mdogo wako."

"Na hukumwambia Baba?"

"Ningemwambia nini? Kwamba nimeliokoa shamba lake kwa miguu inayoliua?" Aliitazama miguu yake kama vile ni ya mtu mwingine. "Wiki mbili baadaye majani yakaanza. Labda kweli ni mimi."

Nimemsikia Mama akimjibu katekista, muuza duka na askari. Sijawahi kumsikia akisema labda. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kanisani.

Nilikwenda kumtafuta Baba. Nilimkuta amekaa nje ya uzio wake, amejishika kichwa.

"Baba, nina jambo la kuungama."

"Ungama kwa padri."

"Padri hana shamba. Twende kwa Ba'mdogo, nikuonyeshe kitu. Yeye yuko mtoni."

Nyuma ya shamba la Ba'mdogo kuna mpera. Mapera yake ni matamu sana, na njia ya kulizunguka shamba ni ndefu sana. Tangu nilipofika likizo nilikuwa napita katikati ya shamba. Na kila nilipopita nilikata alama moja kwa kisu kwenye mwanzi mmoja. Nilifanya hivyo kwa ajili ya historia. Nilifikiri siku moja watu watataka kujua ni mwanamke gani alikuwa wa kwanza kupita humo, na mara ngapi.

Baba aliingia peke yake, kwa kuwa alisema mimi nimeshaingia vya kutosha. Aliuona mwanzi. Alipitisha kidole juu ya alama.

"Kumi na saba," alisema.

"Na siku nne kati ya hizo nilikuwa katika hedhi yangu, Baba. Tafadhali usinipige."

Hakunipiga. Alitazama majani yaliyouzunguka mwanzi ule. Yalikuwa mapana, ya kijani, yanang'aa. Aligeuza moja, akageuza jingine, akatafuta doa. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Kama mguu wa mwanamke unaua," alisema mwishowe, "shamba hili lingekuwa jivu." Halafu akaniuliza, "Mapera ni matamu?"

"Sana, Baba."

"Nichumie mawili. Kisha naenda Maprik kumtafuta bwana shamba."

*

Bwana shamba alikuwa bibi shamba. Anaitwa Hedwiga. Alifika Jumatano kwa lori la abiria, amevaa buti za mpira, na begani ana mkoba wa kamba kama wetu.

Baba alimpeleka hadi kwenye uzio, kisha akasimama. Akakohoa.

"Mama, samahani. Humu wanawake... unajua desturi zetu."

"Najua. Mimi pia nimezaliwa huku," alisema Hedwiga. Hakuonyesha kukasirika. Akakaa juu ya gogo nje ya uzio. "Basi niletee jani lenye madoa."

Baba akaenda, akaleta.

"Na jani la chini la shina lile lile."

Akaenda, akaleta.

"Na jani la shina la jirani yake. Na kipande cha shina. Na udongo wa chini yake. Na sasa niletee jani la upande wa pili wa shamba, kule kilimani."

Jua lilikuwa kali. Baba alikwenda na kurudi mara saba. Mara ya saba shati lake lilikuwa limemganda mgongoni, na Hedwiga akasema kwa upole, "Hili si lile nililolitaka, baba."

Baba alimtazama. Akautazama uzio. Akaufungua.

"Ingia tu, mama," alisema. "Utaniua wewe kabla ya hicho kiazi."

Hedwiga aliingia. Mimi nilibaki nje nikatulia kama mtakatifu. Alipita kila tuta, akainama, akageuza majani. Mwishowe alituita karibu, na Mama pia aliyekuwa amesimama mbali.

"Huu ni ugonjwa," alisema. "Unaitwa chule. Unaletwa na ukungu mdogo sana, huwezi kuuona kwa macho. Unapenda mvua. Tone la maji likigonga doa jeusi, linarusha ukungu hadi jani la pili. Baba, madoa yalianzia upande gani?"

"Huku, karibu na njia."

"Mbegu ya upande huu ilitoka wapi?"

Baba alinyoosha mgongo kwa fahari, maana hiyo ndiyo fahari yake. "Hii ni mbegu ya kiazi cha Kaspar, mshindani wangu wa ng'ambo ya mto. Alinikabidhi Julai. Kilibebwa na watu wawili!"

"Na upande ule wa kilimani?"

"Ni mbegu yangu mwenyewe."

"Upande ule madoa ni machache, na yamefika juzi tu. Ugonjwa umeingia na mbegu ya Kaspar, baba. Umekuja umevaa kinyago, unapigiwa ngoma."

Baba alikaa chini.

"Jambo jingine," alisema Hedwiga. "Asubuhi unaingia shambani saa ngapi?"

"Alfajiri. Nayasalimia majani yote kwa mkono. Yanapenda."

"Yakiwa na umande?"

"Ndiyo."

"Basi unauchukua ukungu kwenye jani gonjwa na kuupeleka kwenye jani zima. Kila siku. Usiingie majani yakiwa na maji. Ngoja yakauke."

Baba aliitazama mikono yake, kama Mama alivyoitazama miguu yake Jumatatu. Nilitamani wangekaa pamoja wakatazama vyote.

"Na miguu ya mwanamke?" aliuliza taratibu.

"Mguu wenye matope ya shamba gonjwa unaweza kubeba ugonjwa. Wa mwanamke, wa mwanamume, wa nguruwe. Ukungu hauulizi."

Mama alisogea hatua moja mbele. Halafu akauliza, "Tufanye nini?" Alikuwa wa kwanza kuuliza hilo tangu Desemba ianze.

Hedwiga alieleza, na Mama alinyoosha kidole kimoja kwa kila jambo ili asisahau. Shina lililokauka ling'olewe lote na kuchomwa moto nje ya shamba, lisitupwe njiani. Kisu kioshwe kabla ya kugusa shina zima. Wakati wa kuvuna, majani na mashina yote yakusanywe na kuchomwa. Mbegu ya mwakani itoke kwenye mashina mazima tu, hata kama kiazi chake si kirefu. Na mwakani wapande mahali pengine, shamba hili lipumzike miaka miwili au mitatu.

"Je, atapona?" aliuliza Baba. Alimaanisha kiazi.

"Upande wa kilimani utaokoa vingi. Huu wa njiani, hapana. Lakini mweleze Kaspar. Shamba lake nalo lazima linaugua."

*

Jumamosi Baba alivuka mto. Jumapili alirudi pamoja na Kaspar, mtu mnene, mwenye kelele siku za kawaida. Siku ile hakuwa na kelele.

Wanaume walikutana tena mbele ya nyumba ya mizimu. Mkoba mkubwa wa Mama ulikuwa tayari miguuni pake.

"Siku saba zimekwisha," alisema Ba'mdogo. "Kaka, majani yako yamekoma kuwa meusi?"

"Hayajakoma," alisema Baba. Alitoa jani moja. "Hili ni langu."

Kaspar alitoa jingine. "Na hili ni langu."

Yalikuwa kama mapacha.

"Mimi nilidhani ni mke wangu, Saragwa," alisema Kaspar. "Nilimfukuza wiki tatu zilizopita. Yuko kwa mama yake. Hajawahi kumwona Mairagwa hata siku moja."

Watu walinong'ona. Baba alisimama akaeleza habari za chule, za mbegu, za umande. Hakuzoea kusema mbele za watu, na mara mbili alisahau akamtazama Mama, na Mama akamwonyesha kidole cha jambo lililofuata.

"Maneno ya ofisini," alisema Ba'mdogo. "Wanawake hupeana sumu hata bila kuonana. Mbona shamba langu ni zima? Nijibuni hilo! Kwa sababu hakuna mwanamke aliyeingia!"

Baba alinigeukia. "Klotilda."

Nilisimama. Nimewahi kusimama mbele ya mkuu wa shule kwa sababu ya chura katika chombo cha maji ya baraka, kwa hiyo nilikuwa na uzoefu.

"Ba'mdogo, mimi nimeingia. Tafadhali hesabu alama kwenye mwanzi wa katikati."

Mkutano wote ulihamia shambani kwa Ba'mdogo. Alikimbia mbele. Tulimwona akiinama kwenye mwanzi, midomo ikicheza.

"Kumi na tisa!" alipiga kelele.

"Ishirini, Ba'mdogo. Ya leo iko upande wa pili."

"Umeniua! Huyu mtoto ameniua!" Alizunguka huku na huku akigeuza majani, akitafuta doa. Aliomba doa. Sijawahi kuona mtu akitafuta ugonjwa kwa bidii namna ile. Hakupata hata moja.

Kaspar alianza kucheka. Wengine wakafuata. Katekista Donatus hakucheka. Alikuwa anautazama mpera.

"Klotilda," alisema, "yale mapera uliyoniletea Jumanne yalitoka hapa?"

"Ndiyo, Katekista. Ulikula matatu. Ukasema Mungu anibariki."

Mwanamke mmoja alisema, "Sasa nani alikula tunda?" Sikumwona ni nani, lakini sauti ilikuwa ya yule jirani aliyenyima watoto sago. Katekista alijifuta midomo, kana kwamba mapera yalikuwa bado pale. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba atayasoma upya maandiko hayo kabla ya kuyahubiri tena.

Yule mzee aliyeomba siku saba alimgeukia Mama. "Mairagwa, fungua mkoba wako. Hakuna safari."

Mama hakuufungua. "Unyayo karibu na uzio ni wangu," alisema mbele ya wote. "Niliingia kumfukuza nguruwe. Shemeji, nguruwe yule ana sikio moja lililochanika. Unamjua?"

Ba'mdogo alimjua. Kila mtu alimjua.

"Mlisema nina sumu. Mlisema mbele za watu. Nataka mlifute neno hilo mbele za watu."

Ba'mdogo alitazama viazi vyake, akatazama mwanzi, akamtazama kaka yake. "Shemeji," alisema, "huna sumu. Tulikosea."

"Na ile michoro ya maji yanayorudi nyuma?"

"Shemeji, jambo moja kwa siku."

Mama alikubali. Aliufungua mkoba. Kaspar hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, na nasikia alipigwa mwiko kabla ya kupewa mke.

*

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo. Baba na Mama walikusanya mashina yote wakayachoma. Walichagua mbegu pamoja. Walifyeka mahali papya, na Mama aliingia na kutoka kama anavyoingia jikoni. Wanaume wengi walitikisa kichwa. Baadhi yao wakaanza kungoja umande ukauke. Mvua za Desemba zilikuja, na majani ya Baba yakabaki ya kijani. Hata Kaspar alituma salamu kwamba yake yamepona.

Julai tulichimba kiazi kilichomzidi Baba kwa mikono miwili. Kilipakwa rangi. Ba'mdogo alikitengenezea kinyago kwa siku tano, wala hakuruhusu mtu kuchungulia. Siku ya sherehe kililetwa uwanjani mbele ya nyumba ya mizimu, na Baba akamnong'oneza Ba'mdogo jina alilokipa. Kwa desturi yetu, jina la kiazi cha namna hiyo huingia katika orodha ya majina ya ukoo, na hutajwa kila sherehe.

Ba'mdogo aligeuka. Alimtazama Baba. Baba hakuyakwepesha macho yake.

Ba'mdogo akayataja majina ishirini na moja, moja baada ya jingine. Kisha akavuta pumzi.

"Mairagwa!" alipaza sauti.

Ngoma zilichelewa kidogo, halafu zikalia. Kaspar alikuja kukipokea, na mkewe Saragwa alikuja pamoja naye. Kiazi kilikuwa kimefungwa kwenye mti mrefu. Kaspar akashika mbele. Saragwa hakumngoja mtu, akashika nyuma.

Mama alikuwa hajawahi kumwona. Walitazamana muda. Kisha Mama akasogea karibu na kiazi, akakizunguka, akakitazama usoni. Pembeni mwa kinyago, Ba'mdogo alikuwa amechora mistari ya maji yanayorudi nyuma.

"Shemeji," Mama alisema, "mbona umenipa pua kubwa hivi?"

"Ya kunusia," alijibu Ba'mdogo. "Kiazi lazima kinuse."

"Na sisi wanawake wote tuliosimama hapa?"

Ba'mdogo aliweka sikio karibu na kinyago, akasikiliza kwa makini sana, kama anavyofanya katika shughuli za mababu.

"Mpaka sasa," alisema, "hakijalalamika."